Mke wangu simwoni katika wasifu wake

SWALI

Ndugu mshauri,

Salaam. Mimi ni mzee wa miaka 84, mkulima, naishi Mwika, Moshi Vijijini. Barua hii naisema mimi, mjukuu wangu anaichapa kwenye simu, kwa hiyo ukikuta maneno ya vijana humo usinihesabie.

Mama watoto wangu alifariki Desemba mwaka jana, siku chache kabla ya Krismasi, watoto wakiwa wameanza kupanda kuja nyumbani. Tulikaa kwenye ndoa miaka 58. Tulimzika hapa hapa kihambani, shamba letu la ukoo linalozunguka nyumba, kando ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Mwaka huu, siku mbili baada ya Krismasi, tutafanya ibada ya shukrani. Kaburi limeshajengewa, vitenge vya sare vimeshachaguliwa, na mwanangu mkubwa aliyeko Dar es Salaam amenitumia wasifu utakaochapwa kwenye kijitabu cha ibada. Ni ule ule uliosomwa siku ya mazishi, umeongezwa picha tu.

Mjukuu alinisomea wote. Unasema marehemu alizaliwa Rombo mwaka 1944, akasoma hadi darasa la nne, akaolewa 1965, ameacha mume, watoto 6, wajukuu 19 na vitukuu 3. Unasema alikuwa mama mwema, mcha Mungu, mvumilivu, mkarimu kwa wageni na mshauri wa wengi. Halafu unaingia ugonjwa: shinikizo la damu lilianza lini, akapelekwa hospitali hii, akahamishiwa ile, mpaka saa na dakika aliyokata roho. Ugonjwa umechukua nusu ukurasa. Miaka 58 imechukua mistari minne. Watoto wetu wawili waliokufa kwa surua, ambao wamelala hatua chache tu kutoka kwa mama yao, hawamo kabisa.

Sina ugomvi na hata neno moja la hapo. Lakini mke wangu simwoni. Ukibadilisha jina na picha, wasifu huo unamfaa mama yeyote wa tarafa hii.

Nilimwomba mwanangu aongeze mambo matatu. Akakataa yote.

La kwanza ni mbege. Kahawa ilipoanguka bei, baada ya 1989, nilikuwa naamka alfajiri kupiga dawa ya mrututu kwenye mibuni huku najua kabisa kwamba malipo ya chama cha msingi cha ushirika hayatarudisha hata fedha ya dawa. Yeye akaanza kupika mbege. Alinunua ulezi akauotesha kimea, akachemsha ndizi kwenye pipa, siku ya soko akabeba na kuuza. Watoto wetu wanne wamesoma sekondari kwa pipa lile. Mwanangu, ambaye ni mmoja wa hao wanne, sasa ni mzee wa kanisa huko Dar, anasema pombe haisomwi madhabahuni.

La pili ni sabuni. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, mama watoto alikuwa ameshazoea kuuza ndizi Taveta. Hakuacha. Yeye na wenzake walishuka mchana hadi upande wa Holili, usiku wakavuka kwa njia za panya, kwenda na ndizi, kurudi na sabuni na mafuta ya kula. Miaka ile ya vita na baada ya vita, madukani hamna kitu, nyumba nyingi za hapa jirani zilifua kwa sabuni yake. Mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, 1983, aliposikia watu wanapekuliwa, alifukia miche yote ya sabuni chini ya zizi la ng'ombe. Msako ulipopita tukaifukua, tukaoga sabuni inayonuka samadi mpaka ikaisha, na kanisani tukaenda hivyo hivyo. Mwanangu anasema hayo ni magendo, na siku hizi watu wanarekodi kila kitu.

La tatu ndilo zito. Kabla sijamwoa alikuwa na mtoto wa kike, aliyezaliwa 1962. Sikudanganywa, aliniambia kwa kinywa chake kabla ya posa. Wazazi wake walitaka mtoto abaki kwao Rombo alelewe na bibi yake, na zama zile hapakuwa na mjadala. Kila Krismasi alimpelekea nguo. Mtoto huyo naye sasa ni bibi, ana wajukuu. Watoto wangu walikua wakimjua kama "mama mdogo wa Rombo", wakubwa ndio walikuja kuujua ukweli baadaye. Kwenye mazishi alikuja, akakaa viti vya majirani, na watoto wa marehemu walipoitwa kuweka mashada hakuitwa.

Mwanangu anasema nikimtaja nitakuwa nimemvua mama yao nguo mbele ya usharika mzima naye hayupo wa kujisemea. Wadogo zake wamegawanyika. Binti yangu wa mwisho yuko upande wangu, ila hasemi kwa sauti.

Je, ninakosea? Niuache wasifu kama ulivyo? Na kama si kuuacha, mtu aliyeishia darasa la nane anaandikaje maisha ya mkewe?

Mzee wa Mwika

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Pole sana, na poleni nyote hapo nyumbani.

Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi: umeshaandika. Nilipofika kwenye miche ya sabuni chini ya zizi nilimwona huyo mama, na nikacheka peke yangu ofisini. "Mkarimu kwa wageni" nimelisoma kwenye wasifu wa kila mtu niliyemzika.

Ila mwanao usimhukumu kwa ule wasifu wa kwanza. Sote tunajua unavyoandikwa. Usiku, chini ya turubai, mtu mmoja ameshika kompyuta, mwingine anauliza mama alibatizwa lini, wa tatu anapokea simu ya gari la kubeba mwili, na mpiga chapa kule Moshi mjini anataka karatasi asubuhi. Mtu anachukua wasifu wa msiba uliopita, anabadilisha majina na tarehe. Ugonjwa unakuwa mrefu kwa sababu ndio uliokuwa kichwani mwa kila mtu wiki ile. Usiku ule alifanya kazi yake. Ninachokataa ni kuuchapa tena ule ule baada ya mwaka mzima wa kukumbuka.

Mambo yako matatu hayana uzito mmoja, kwa hiyo usiyapiganie kwa pamoja. Ukiyafunga mzigo mmoja, mwanao atakataa yote kwa sababu ya lile la tatu.

Mbege iingie. Najua makanisa ya mlimani yameikemea pombe vizazi na vizazi, na yana sababu zake. Wapo walioachwa yatima na vilabu vya mbege. Lakini hapa hakuna anayesifu pombe. Tunasema ada ilitoka wapi. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa kiasi cha kahawa ambacho kila nchi ingeuza ulivunjika, bei ikaporomoka dunia nzima, na mkulima wa Mwika akabaki na chulebuni, ule ugonjwa wa buni, kwenye mibuni yake na dawa asizoweza kununua. Ada ya sekondari nayo ilikuwa imerudishwa katika miaka hiyo ya 1980. Zao la baba likaanguka, na nyumba nyingi za mlimani zikasimama kwa ndizi, maziwa na mbege za mama. Mwanao awaulize wazee wenzake wa kanisa wa umri wake, waliotokea huko kwenu, nani aliwalipia ada. Asishangae wakianza kutazamana. Na tafadhali msiifiche mbege ndani ya "shughuli ndogondogo za kujiongezea kipato". Mama hakufanya shughuli ndogondogo. Alipika mbege.

Sabuni nayo iingie, tena kwa raha. Kwa wajukuu wenu wa Dar, mpaka wa Holili ni mahali pa kugongewa pasipoti. Hawajui kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka ukafungwa Februari 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwamba katikati yake ikaingia vita ya Kagera, na baada ya vita tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, miezi hiyo ikaisha na mkanda haukulegea. Mama aliyekuwa na watoto wadogo wakati ule alipaswa kuwaogesha kwa nini? Hakuna mahakama itakayomwita. Nina angalizo moja tu: wenzake wa safari zile walio hai msiwataje kwa majina kabla hawajaulizwa. Wapo ambao watoto wao hawajui, na wapo watakaokasirika msipowataja.

Mtu akicheka wakati wa kusoma, mwache acheke. Ni ibada ya shukrani.

Sasa tuje kwa binti wa Rombo, na hapa nitakuambia jambo ambalo huenda hukulitegemea. Uamuzi wa kumtaja si wako, na wala si wa mwanao. Mnavutana ninyi wawili kuhusu mtu mzima mwenye miaka zaidi ya 60, mwenye wajukuu wake, na katika barua yako yote sijaona mahali alipoulizwa anataka nini.

Huenda anatamani kutajwa tangu siku alipokaa kwenye viti vya majirani. Huenda pia wakwe zake walielezwa habari nyingine miaka arobaini iliyopita, na kipaza sauti chako kitamvunjia nyumba. Huenda anataka aitwe kwenye kuweka mashada, basi, bila kuandikwa popote. Kwa hiyo nenda Rombo. Usitume mtu, na jambo hili usilifanye kwa simu. Nenda na huyo binti yako wa mwisho, mbebe kinachobebwa, mwambie: tunamkumbuka mama yako mwezi wa 12, nataka kujua wewe ungependa iweje. Kisha umsikilize mpaka amalize. Akisema nisitajwe, utaheshimu, na bado utamwekea kiti mbele pamoja na wadogo zake. Kiti hakihitaji maelezo.

Akisema nitajwe, basi andikeni bila kupepesa na bila kueleza. Msiandike "kabla ya ndoa alipata", wala "kwa bahati mbaya". Andikeni majina ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, wa kwanza akiwa wa kwanza. Wanaojua watajua, na mchungaji aarifiwe mapema asije akashtukia. Hoja ya mwanao kwamba mama hayupo wa kujisemea naiheshimu. Lakini wewe umetueleza kwamba alisema, alipokuwa msichana wa miaka ishirini hivi, akisubiri posa, wakati alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Aliyemwambia mchumba ukweli kama huo sidhani ataaibishwa na orodha ya watoto wake. Na nguo za kila Krismasi hazitumwi kwa mtu unayemkana.

Niulize na jambo ambalo hukuliandika. Mara nyingi kwenye familia zetu, nyuma ya neno aibu kuna kihamba. Kama hofu ya mwanao ni kwamba dada huyo akisomwa kanisani kesho atadai ardhi, litoe hilo nje mlizungumze kwa jina lake. Wasifu haugawi mali. Mirathi ina njia yake: kikao cha ukoo, muhtasari, msimamizi anayeteuliwa na mahakama. Kihamba ni cha ukoo wako nawe uko hai. Kile ambacho mama alikuwa nacho kwa jasho lake, kama shamba alilonunua au akiba ya kikoba, ndicho kinachowahusu wote aliowazaa, dada huyo akiwemo, asomwe asisomwe. Kama kuna ubishi hapo, muone msaidizi wa kisheria kabla ya Desemba. Msimtumie marehemu kama uzio.

Kuhusu kuandika. Mwache mjukuu huyu huyu awe mwandishi wako, naona ana subira. Mwambie asikuulize "bibi alikuwa mtu wa namna gani", kwa sababu utamjibu kwa sifa na tutarudi kule kule. Akuulize asubuhi alianza na nini, alikasirishwa na nini, aliimba sauti ya ngapi, kiburu chake, kile chakula chetu cha ndizi na maharage, kilitofautianaje na cha wifi zake, ni nani alikuwa hapatani naye sokoni na walipatanaje. Akurekodi, asiandike papo hapo. Mkishamaliza na wewe aende kwa dada zake marehemu walioko Rombo, kwa wanawake wa kikoba, kwa yeyote aliyevuka naye usiku. Kuna mke unayemjua wewe, na kuna msichana aliyekuwepo miaka 21 kabla yako. Huyo wanaye wao, na wanazeeka.

Wazee wakisema hawakumbuki mwaka, msiwabane. Mlimani kalenda ipo, ila haijaandikwa kwa tarakimu. Waulize: ilikuwa kabla au baada ya Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga? Huo ni 1952. Mwenge ulipowashwa Kibo usiku wa Uhuru, 1961, alikuwa wapi? Bei ya kahawa ilipopaa baada ya baridi kuunguza mibuni ya Brazil, yaani 1976 na 1977, mlinunua nini? Mabati? Na kwa ninyi watu wa Vunjo hakuna anayesahau mwaka wa Augustine Mrema, 1995, alipogombea urais. Muulize bibi yeyote wa Mwika alikuwa na mimba ya mtoto yupi mwaka wa Mrema, atakujibu kabla hujamaliza swali.

Kuna kazi nyingine ambayo haiwezi kungoja. Simu za watoto na wajukuu zina sauti yake, zile jumbe za WhatsApp za "mmefika salama?" na "mbona hampigi?" Simu zinaibwa, zinatumbukia majini, zinauzwa. Mjukuu azikusanye zote sasa hivi aziweke mahali pawili. Picha za zamani nazo, zile za studio za miaka ya 60, uandike kwa penseli nyuma yake nani ni nani, ukingali unawatambua. Baada yako hakuna atakayewajua hao waliosimama kushoto.

Nimejaribu kukuanzia aya moja, kwa mambo uliyoniandikia tu. Irekebisheni mtakavyo:

"Mama yetu alizaliwa Rombo mwaka 1944. Mpaka wa Kenya ulipokuwa wazi ndizi zake ziliuzwa Taveta, na ulipofungwa zikauzwa vile vile. Miaka ya foleni, majirani zetu wengi walifulia sabuni iliyosafiri usiku juu ya kichwa chake, na mwaka wa wahujumu sabuni hiyo ililala chini ya ng'ombe. Kahawa ilipoanguka bei alipika mbege, na kwa pipa hilo watoto wake wanne wakasoma sekondari. Aliolewa na baba yetu mwaka 1965, wakaishi pamoja miaka 58. Wawili kati ya watoto wake walitangulia kwa surua, naye amelala karibu nao."

Idadi ya watoto sikuiweka kwa makusudi. Itategemea jibu la Rombo.

Mpelekee mwanao aya hii kabla hujampelekea amri. Wewe ndiye baba, ukiamuru itachapwa, lakini ataisikiliza akiwa amekunja uso, na ni mama yake pia. Mwambie umeandika kwa sababu unataka aisahihishe. Muulize yeye anakumbuka nini kuhusu lile pipa. Alikuwa kijana mkubwa. Nina hakika alishatumwa kuchota maji ya kupikia, na huenda alitoroka. Mtu akishaanza kusahihisha hadithi ya mama yake, kuikataa kunakuwa kugumu.

Siku yenyewe asisome mshereheshaji. Asome mjukuu huyu, na wewe ukae karibu, ili akisahau umwambie. Mtapewa dakika tano. Msigombane na mwenye ratiba. Punguzeni nusu ukurasa wa hospitali ubaki sentensi moja. Kipimo cha shinikizo la damu kilisomaje Novemba ile, wajukuu hawatauliza.